Jina Lililowekwa Amana

Kitambulisho ni shahidi. Kiwe karatasi, kadi au alama ya kidole iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta ya serikali, kazi yake ni kushuhudia kwamba mtu fulani yupo, anaitwa hivi, wazazi wake ni fulani na fulani, na makazi yake ni mahali fulani. Shahidi ana mipaka. Husema alichokiona, husema mbele ya mwenye haki ya kumuuliza, wala hawi mwenye mali kwa kuwa aliitwa kuitolea ushahidi. Faragha katika zama za simu na alama za vidole ni suala la mipaka hiyo. Lina upande wa sheria na upande wa ufundi, lakini mzizi wake uko katika dini na falsafa, kwa sababu linauliza mtu ni nani kabla hajaandikwa, na yule anayemwandika anapata haki gani juu yake.

Makiso, komine ya katikati ya mji wa Kisangani katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inafaa kuwa mahali pa kulichunguzia suala hilo. Hapo ndipo zilipo ofisi kuu za jimbo la Tshopo, kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire ukingoni mwa Mto Kongo, na Chuo Kikuu cha Kisangani. Tangu mji ulipokuwa ukiitwa Stanleyville, tawala zilizofuatana zimewaandika watu wake, zikawapa kadi, zikawabadilisha majina, zikawachukua alama za vidole. Kila utawala ulilijibu swali lile kwa namna yake.

Kujulikana bila daftari

Kwenye maporomoko ya Wagenia, si mbali na Makiso, wavuvi husimika magogo katikati ya maji ya kasi, wakayafunga kwa kamba za msituni, kisha wakaning'iniza mitego mikubwa iliyosukwa kwa umbo la pembe. Nafasi za kutega hurithiwa katika koo. Mgeni akiuliza mtego ule ni wa nani, atajibiwa na watu walioko pale, kwa jina la mtu, la baba yake na la ukoo wake. Ushahidi uko vinywani mwa majirani, na anayeshuhudiwa anamjua vizuri anayemshuhudia. Kujulikana kwa namna hiyo huenda pande mbili: jirani akieneza uongo, ataitwa aulizwe.

John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba mtu huwa mtu kwa sababu ya wenziwe. Wapo waliolichukua wazo hilo wakadai kwamba faragha ni desturi ya kigeni, kwamba Mwafrika hana cha kuwaficha watu wake. Mila zenyewe zinakanusha. Wabali wa Bafwasende, katika jimbo hilohilo la Tshopo, walikuwa na jando lao la mambela, na mafundisho yake yalilindwa vikali yasimfikie asiyelipitia. Kotekote panaposemwa Kiswahili, mgeni hupiga hodi. Hata akikuta mlango umeachwa wazi na anawaona wenyeji wameketi ndani, husimama nje akangoja aambiwe karibu. Wanaoishi kwa kubanana ndio wanaohitaji zaidi kujua mahali pa kusimama. Methali isemayo kwamba siri ya mtungi aijuaye kata haimlaumu mtungi kwa kuwa na siri. Inasema tu nani amestahili kuijua.

Nyumba iliyokaguliwa

Utawala wa Kibelgiji ulileta shahidi wa aina nyingine, anayejua watu pasipo wao kumjua. Mwaka 1948 ulianzisha kadi ya sifa za uraia kwa Wakongo waliohesabiwa kuwa wamestaarabika, na amri ya tarehe 17 Mei 1952 ikaongeza usajili wa daraja la juu, uliomsogeza mwenye nao karibu na sheria za Wazungu. Mwombaji alihojiwa, kisha wakaguzi wakaingia nyumbani kwake. Walitazama jiko, vitanda na choo. Waliuliza kama mke na watoto hula mezani pamoja na baba. Waliofaulu walikuwa wachache mno katika nchi nzima.

Mmoja wa waombaji alikuwa karani wa posta wa Stanleyville, Patrice Lumumba. Alifika mjini mwaka 1944 akiwa kijana, akasomea kazi ya posta Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, akarudi kuifanya. Ombi lake la kwanza lilikataliwa. Kadi ya usajili aliipata mwaka 1954.

Kazi ya karani wa posta inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake mna jibu la sehemu kubwa ya suala hili. Barua hupita mikononi mwake kwa mamia. Husoma jina na anwani, hupiga muhuri, huitia barua katika mfuko wa mji inakokwenda. Barua isiyo na jina haifiki, kwa hiyo jina lazima liandikwe, tena mahali linapoonekana. Lakini palipotiwa gundi ndipo kazi yake inapokoma. Karani anaweza kuuhudumia mtaa miaka kumi, akayajua majina yote ya wakazi wake, asijue hata sentensi moja ya waliyoandikiana. Ukaguzi wa 1952 ulikwenda kinyume kabisa cha adabu hiyo: bahasha ilibidi ifunguliwe kwanza ndipo mwenye jina atambuliwe.

Kosa lake la pili lilikuwa zito zaidi. Kadi ile haikushuhudia kwamba mtu yupo. Ilitoa hukumu kwamba ametosha. Shahidi alijifanya hakimu wa utu, na Mkongo ambaye hakuwa na kadi alibaki kana kwamba utu wake haujathibitishwa. Katika Rwanda jirani, utawala huohuo wa Kibelgiji ulitoa katika miaka ya 1930 vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mwenye kadi. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, neno hilo moja lilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani ili kuamua nani apite na nani auawe. Aliyeliandika neno hilo miaka sitini nyuma hakuwa na habari ya vizuizi hivyo. Ndiyo sababu nia njema ya mwandikaji haitoshi kuwa kinga: kilichoandikwa huishi kuliko aliyekiandika, na hurithiwa na watu asiowajua.

Jina lililobadilishwa

Mwaka 1966 Stanleyville ikawa Kisangani. Mwaka 1972, katika siasa yake ya kurudi kwenye asili, Rais Mobutu aliagiza raia waache majina ya Kikristo na kuchukua ya mababu. Kadinali Joseph Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, alipinga, akalazimika kukaa uhamishoni Roma kwa miezi kadhaa. Alama ya kipindi hicho ingali katika fomu zote za Kongo: mtu huandika jina, kisha postnom, yaani jina linalofuata, ndipo jina la ubatizo au la kuitwa.

Serikali ilikuwa na hoja. Majina mengi ya Kizungu yaliingia pamoja na ukoloni, na kumrudishia mtu jina la babu yake ni jambo la heshima. Lakini agizo lile lilidhania kwamba dola ndiyo mwenye jina. Kwa Mkristo, jina la ubatizo ni lile ambalo Mungu humwitia mtu, kwani katika sura ya 43 ya kitabu cha nabii Isaya Mungu huwaita watu wake kwa jina. Kwa familia ya Kikumu au Kilokele, jina la babu huunganisha walio hai na waliotangulia. Imani hizi mbili hazifanani, ila zinakubaliana juu ya jambo moja: jina hutolewa na yule mwenye uhusiano na mtoto, na dola huja baadaye kuliandika. Likifutwa daftarini, mwenye jina huendelea kuitikia nyumbani na kanisani.

Vidole juu ya kioo

Tawala zilizofuata zilianguka katika kosa la upande wa pili, yaani kutoshuhudia. Kongo ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Kwa miongo kadhaa raia hakuwa na kitambulisho cha taifa. Pengo hilo limezibwa na kadi ya uchaguzi, iliyotolewa kwanza mwaka 2005 kwa watu takriban milioni 25, na mwaka 2023 kwa zaidi ya milioni 43. Kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya siku moja ya kura imekuwa ndiyo ya kufungulia akaunti ya benki, kupokelea fedha kwa simu, kusajilia laini na kupitia kwenye vizuizi.

Mezani pa kujiandikisha mtu huketi mbele ya kamera ndogo, akaambiwa atulie. Hubonyeza vidole juu ya kioo. Mwenye mikono iliyolika kwa jembe au kwa sabuni hubonyeza tena na tena, mpaka mashine ikubali kuwa ana vidole. Kisha hutaja jina la baba, la mama, na mahali pa asili ya ukoo. Kwa dakika chache tu, mambo ambayo mtaani yangejulikana polepole na kwa watu wa karibu huingia katika chombo ambacho hatakiona tena. Nywila ikiibwa hubadilishwa, kidole hakibadilishwi. Anayekabidhi alama ya kidole anakabidhi kitu atakachokwenda nacho kaburini.

Hata hivyo, asiye na kadi anaumia zaidi. Vurugu za mwaka 2023 kati ya Wambole na Walengola katika komine ya Lubunga, ng'ambo ya mto, zilifukuza watu makwao, na nyumba zilizochomwa huungua pamoja na karatasi zilizomo. Mwaka huohuo wengi nchini walilalamika kwamba maandishi ya kadi zao mpya yanafutika, na kadi iliyofutika sura haimshuhudii mtu yeyote. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linasema katika kifungu cha 6 kwamba kila mtu, popote alipo, ana haki ya kutambuliwa kuwa mtu mbele ya sheria. Faragha na kutambuliwa, kwa hiyo, si maadui. Aliyenyimwa jina na aliyefunguliwa bahasha wote wawili wamekosewa na shahidi yuleyule.

Serikali iliunda Ofisi ya Taifa ya Utambulisho wa Watu, ONIP, mwaka 2011. Kadi ya kwanza ya taifa ilikabidhiwa kwa Rais Félix Tshisekedi tarehe 30 Juni 2023. Mwaka uliofuata mkataba wa kuzitengeneza ulisitishwa. Kuchelewa huko ni hasara, lakini kunaacha nafasi ya kuuliza mapema kile ambacho mataifa mengine yaliuliza baada ya kazi kuanza. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilizuia mwezi Januari 2020 ukusanyaji wa vinasaba na mahali alipo mtu katika mpango wa utambulisho wa Huduma Namba, na mwezi Oktoba 2021 ikatamka kwamba utoaji wa kadi zake ulikwenda kinyume cha sheria, kwa kuwa madhara yake kwa faragha hayakupimwa kwanza.

Bahasha iliyogeuka barua

Chini ya mwavuli wa muuza uniti, kusajili laini huchukua muda mfupi. Kadi ya uchaguzi hupigwa picha, jina huingizwa, na tangu hapo namba ni mtu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 kinalinda faragha ya maisha, siri ya barua na siri ya mawasiliano ya simu kwa pamoja. Kwa Katiba, simu ni barua. Ila kuna tofauti moja ambayo karani wa posta wa zamani hakuijua. Bahasha ilitaja mwandikiwa na mji wake, basi. Simu hutaja nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani, akiwa karibu na mnara upi. Mtu aliyempigia daktari mara tatu usiku, kisha mama yake, kisha padri, ameshaeleza habari yake hata kama hakuna aliyesikiliza neno lolote. Bahasha imegeuka barua, na mlinzi wa bahasha sasa anapaswa kubanwa na adabu ileile ya kutosoma.

Dola ikishika mlango wa mawasiliano inaweza pia kuufunga. Intaneti ilizimwa mwezi Januari 2015 wakati wa maandamano. Ilizimwa tena kabla ya maandamano ya tarehe 31 Desemba 2017 yaliyoitishwa na Wakatoliki walei. Baada ya kura ya tarehe 30 Desemba 2018 ilikatwa takriban siku 20. Wakati huo Baraza la Maaskofu Katoliki, likiongozwa na Marcel Utembi, askofu mkuu wa Kisangani, lilikuwa na waangalizi wa uchaguzi wapatao 40,000 nchi nzima, nao pia walifungiwa mlango huo. Kuanzia Septemba 2020 kila simu iliandikishwa katika daftari la vifaa na kutozwa ada, dola 1 kwa simu ndogo na dola 7 kwa zenye 3G na zaidi, ikikatwa kwenye uniti za mwenye simu. Wananchi walilalamika kwa nguvu hadi ikafutwa mwaka 2022. Mkono ulioandika laini ndio uliokata, kutoza na kuzima. Anayetunza daftari la wote anakuwa na uwezo juu ya wote, hata pale ambapo hana nia mbaya.

Mafundisho ya dini

Kisangani ni mji wa Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu na Waislamu; Uislamu ulifika huko karne ya 19 pamoja na misafara ya Waswahili, na mfanyabiashara Tippu Tip aliwekwa kuwa wali wa eneo hilo mwaka 1887. Kurani inaagiza, katika aya ya 27 ya sura ya 24, kwamba mtu asiingie nyumba isiyo yake mpaka aombe ruhusa na kuwasalimu waliomo, na aya ya 12 ya sura ya 49 inakataza kupelelezana. Wanazuoni husimulia kwamba khalifa Umar bin Khattab, akizunguka Madina usiku, alisikia sauti yenye kutia shaka ndani ya nyumba. Alipanda ukuta, akamkuta mtu na pombe. Mtu yule alijibu kwamba yeye amekosa mara moja, lakini khalifa amekosa mara tatu: amepeleleza, ameingia kwa ukutani badala ya mlangoni, na hakutoa salamu. Umar alikubali, akamsamehe, akaondoka. Kisa hicho hakisemi kwamba dhambi ya mtu yule ni ndogo. Kinafundisha kwamba mtawala mwenye haki naye yuko chini ya hodi.

Kanisa Katoliki linafika hapohapo kwa njia yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitaja ulinzi wa faragha miongoni mwa haki za kila mtu, na kanuni ya 220 ya sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inakataza kumvunjia mtu faragha yake. Padri anayesikia maungamo hawezi kuyatoa, hata kwa amri ya dola, hata kwa manufaa makubwa. Anajua, na kujua kwake hakumpi haki ya kutumia alichokijua.

Juu ya kuhesabu watu, Biblia ina habari mbili ambazo husomwa mbalimbali, ingawa zinahitajiana. Mfalme Daudi aliwahesabu watu akaadhibiwa kwa tauni, kama inavyosimuliwa mwishoni mwa kitabu cha pili cha Samweli. Luka anasimulia kwamba Yusufu na Maria walikwenda Bethlehemu kuandikishwa, na Yesu akazaliwa safarini humo bila lawama yoyote kwa kitendo cha kuandikwa. Daudi alikuwa akipima nguvu ya jeshi lake. Watu walihesabiwa kama mali ya mfalme. Kuhesabu si dhambi. Hatari imo katika moyo wa anayehesabu akiwaona waliohesabiwa kuwa wake.

Masharti ya amana

Kiswahili kina neno linalokusanya yote haya: amana. Kilichowekwa amana kiko mikononi mwa mlinzi, lakini si chake. Hakitumii, hakiuzi, hakimwonyeshi asiyehusika, na siku mwenyewe akikitaka hukikuta kama alivyokiacha. Kuitazama kumbukumbu ya raia kuwa amana kunaleta masharti manne. La kwanza, mlinzi asikatae kupokea: kila aliyezaliwa aandikwe, awe wa Makiso au wa kijiji cha mwisho wa barabara. La pili, asipokee zaidi ya kinachohitajika; fomu ya kura haina haja ya ukoo wa mtu, na muuza uniti hana haja ya kubaki na picha ya kadi. La tatu, kilichotolewa kwa jambo moja kisihamishiwe jingine bila mwenyewe kujua. La nne, mlinzi naye ajulikane: kila anayefungua kumbukumbu ya mtu aache jina lake, ili aliyeandikwa aweze kuuliza nani amemsoma na kwa nini. Sharti hili la mwisho hurudisha kile walichonacho wavuvi wa maporomoko, kujulikana kunakokwenda pande mbili.

Kanuni ya kidijitali ya Kongo, iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023, imeandika mengi ya masharti hayo kwa lugha ya sheria, pamoja na kuwapo kwa mamlaka huru ya kulinda taarifa za watu. Karatasi ya sheria, hata hivyo, hutekelezwa na mtu mmoja mmoja aliyeketi mezani: karani wa komine, wakala wa simu, mtunza kompyuta. Kama hao hawaoni kwamba mbele yao kuna amana, kanuni itabaki maneno.

Sheria ya familia inampa mzazi siku 90 kumwandikisha mtoto. Mama au baba huingia katika ofisi ya hali ya raia ya komine, mtoto mgongoni au mikononi. Karani hufungua kitabu kikubwa, hushika kalamu, na kabla ya kuandika chochote huuliza: anaitwa nani? Mzazi hulitaja jina, karani huliandika.